Kufufua tela kuukuu: hesabu ya mume na mke kabla ya kumwita fundi

Ununuzi wa pamba unapofunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, tela la trekta hugeuka mali ya kugombewa Lamadi. Mji huu wa Wilaya ya Busega uko njiapanda: barabara ya Mwanza kwenda Musoma hukutana hapa na ile ya Bariadi, Ghuba ya Speke iko upande mmoja na lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti haliko mbali. Pamba hushuka kutoka vijijini, dagaa hupanda kutoka mwaloni, na katikati kuna mpunga, matofali na mchanga.

Tela jipya ni ghali kwa mwenye mtaji mdogo. Kwa hiyo mume na mke huona lililolala uani kwa mtu, matairi yamekufa na mbao zimeoza, wakaamua kulifufua na kulikodisha kwa wenye matrekta. Wazo si baya. Tela halina injini, halinywi dizeli, na fundi mzuri wa kuchomelea anaweza kulirudisha barabarani. Lakini faida yake huamuliwa mapema, siku ya kununua na siku ya kuandika kadi.

Tuanze na chuma. Rangi mpya isimshawishi mnunuzi. Aingie chini na nyundo, agonge chesisi kuanzia pale springi zinaposhikwa mpaka mkono wa kuvutia unaofungwa kwenye trekta. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa na kutu kwa ndani hutoa sauti butu. Mbao zilizooza ni hatari kuliko zinavyoonekana, maana hushika maji na kuyalaza juu ya chuma mwaka mzima. Kisha ekseli: tairi lililolika upande mmoja tu ni dalili kuwa imepinda. Beringi za tela lililosimama muda mrefu zihesabiwe kuwa zimekufa hata kama magurudumu yanazunguka, kwani grisi hukauka na maji huingia. Chesisi ikiwa na ufa katikati, liachwe. Mengine yote yana bei, hilo halina.

Bodi ndiyo sehemu ambayo wenye mali hukosea sana. Pamba mbegu hujaza tela kabla ya kulilemea, na dagaa wakavu vivyo hivyo, kwa hiyo kuongeza kimo cha kuta kwa nondo na wavu huongeza kipato cha safari. Tatizo huja pamba ikiisha. Dereva huyohuyo hujaza mchanga mbichi mpaka ukingo uleule, na springi zinakatika. Dawa yake ni mstari wa rangi ndani ya bodi, chini kabisa ya ukingo, na amri kuwa mchanga hauvuki hapo.

Sasa fedha. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba mume amenunua tela kwa Sh. 3,000,000 na mke ametoa Sh. 2,400,000 za matengenezo kutoka biashara yake ya dagaa. Mtaji ni Sh. 5,400,000. Wakikadiria kuwa litafanya kazi miaka 6 kabla ya kuhitaji kufumuliwa tena, uchakavu ni Sh. 900,000 kwa mwaka. Kwa safari 90 kwa mwaka, hiyo ni Sh. 10,000 kila safari. Ukodishaji ukiwa Sh. 40,000, na gharama za utingo, viraka, grisi na ushuru Sh. 25,000, wengi husema wamepata Sh. 15,000. Hawakupata. Wamepata Sh. 5,000, na zile 10,000 ni tela lenyewe likiliwa kidogo kidogo. Kwa mwaka ni Sh. 450,000, yaani asilimia 8.3 ya mtaji. Kiwango hicho kilinganishwe na riba ya hati fungani za serikali, ambazo hazitoboki tairi.

Safari 90 nazo hazigawanyiki sawasawa. Miezi ya pamba tela halilali. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika na mzigo hukatika. Anayepanga marejesho ya mkopo kwa kiasi kilekile kila mwezi atabanwa.

Liko jambo ambalo wengi huona haya kulizungumza: kadi iwe na jina la nani? Tela linalotumia barabara za umma husajiliwa kwa namba yake, na mara nyingi jina ni la mume kwa sababu ndiye aliyekwenda ofisini. Kifungu cha 60 cha Sheria ya Ndoa ya 1971 kinasema mali iliyopatikana ndani ya ndoa kwa jina la mmoja itachukuliwa kuwa yake peke yake, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Ikiwa kwa majina ya wote wawili, itachukuliwa kuwa hisa zao ni sawa. Katika mfano wetu, Sh. 2,400,000 za mke, asilimia 44 ya mtaji, hazionekani popote kwenye kadi.

Ndoa ikivunjika, kifungu cha 114 huiruhusu mahakama kuangalia mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa hata kazi za nyumbani ni mchango. Wanaoitaja kesi hiyo husahau upande wa pili: rufaa ya mama huyo haikufaulu, kwani alikuwa amepewa fedha za kuanzisha biashara ya familia akazitumia vibaya. Daftari basi humlinda kila upande.

Mume akifariki, mambo huwa magumu zaidi. Tamko la Sheria za Mila la 1963 liliandika kuwa mjane hana sehemu katika urithi ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikiri kuwa kanuni hizo ni za kibaguzi lakini haikuzifuta. Wajane waliofungua shauri hilo walitoka mkoa wa Shinyanga, ambao Bariadi ilikuwa sehemu yake mpaka Simiyu ilipoundwa mwaka 2012. Mke aliyenunua springi na matairi bila stakabadhi yenye jina lake atakuwa na kazi kubwa kuwaeleza mashemeji.

Kwa hiyo majina yote mawili yaandikwe, na risiti za fundi zikatwe kwa jina la aliyelipa. Aliyetoa kazi badala ya fedha, kwa mfano mume aliyeng'oa mbao na kupiga brashi wiki nzima, naye aandikiwe thamani wanayokubaliana mapema.

Kuhusu wakati wa kununua, ushauri wetu ni kusubiri pamba ikishaondoka vijijini. Mwezi Aprili kila mwenye tela anajua atapata nini mwezi wa sita, na bei anayotaja ni ya mwezi wa sita.