Kabla ya Kununua Bunduki Kuukuu ya Jeshi

Marekani, ambako bunduki zilizostaafishwa na majeshi huuzwa kihalali kwa raia, mnunuzi hutazama mambo yaleyale: kama mtutu unang'aa ndani, kama kitako hakina ufa, na kama namba ya kwenye bolti inafanana na ya kwenye mwili wa bunduki. Hayo yanafaa kutazamwa, ila yanahusu bei kuliko usalama. Mtutu wenye kutu kidogo hukosesha shabaha. Ni nadra umuumize mtu. Namba nazo, karakana za Kisovieti zilikuwa zikifumua bunduki za Mosin-Nagant, kuzitengeneza upya na kuzigonga namba mpya, kwa hiyo kufanana kwake hakuthibitishi kwamba bolti na mtutu vilizaliwa pamoja. Usalama una maswali mawili tofauti: je, vipimo vya chemba ni sahihi, na je, chuma chenyewe ni kizima? Wanunuzi wengi hulijibu swali moja kisha wakadhani wameyajibu yote mawili.

Tuanze na vipimo. Risasi inapofyatuliwa, ganda lake la shaba hutanuka likabana kuta za chemba, huku kitako chake kikisukumwa nyuma mpaka kiegemee uso wa bolti. Nafasi ya hapo ikizidi, ganda hunyooka, huwa jembamba karibu na kitako, na mwishowe hukatika. Gesi ya moto iliyopaswa kuisukuma risasi mbele hupata njia ya kumrudia mpigaji usoni. Macho hayawezi kuiona nafasi hiyo. Fundi huipima kwa vipande vya chuma vilivyochongwa kwa usahihi mkubwa: bolti inatakiwa ifunge kwenye kifupi na ikatae kwenye kirefu, na ikifunga hata kwenye kile kirefu kuliko vyote, bunduki hiyo si ya kupigwa. Kwanza huondoa sindano na kikucha cha kutolea ganda, kisha huisukuma bolti kwa ncha ya kidole, kwani mkono wenye nguvu unaweza kuilazimisha ifunge na kumpa jibu la uongo. Kwenye Lee-Enfield No. 4 ya Waingereza kichwa cha bolti ni kipande cha pekee, kilichotengenezwa kwa saizi zilizogongwa chapa kuanzia 0 hadi 3, ili fundi wa jeshi akibadilishe chemba inapolegea. Dalali aliyechomeka bolti yoyote aliyoikuta kwenye sanduku ameiharibu kazi hiyo, hata kama bunduki inang'aa kama mpya.

Atakayeona kwamba sasa kilichobaki ni kununua vipimo tu, na aitazame Springfield M1903. Hii ilikuwa bunduki ya kawaida ya jeshi la Marekani katika Vita Kuu ya Kwanza. Mwaka 1917 baadhi yake zilianza kupasuka, na uchunguzi ukaelekea kwenye namna ya kuchoma chuma cha fremu, yaani kile kipande kinachobeba mtutu na kupokea bolti. Mafundi wazoefu walikuwa wakikadiria joto kwa rangi ya chuma kilipoiva. Vilipoletwa vyombo vya kupimia, iligundulika kwamba siku ya jua kali chuma kilichoonekana "sawasawa" kilikuwa na joto lililozidi lile la siku ya mawingu kwa kiasi cha kufikia nyuzi 300 za Fahrenheit, kama alivyoeleza Julian Hatcher, afisa wa silaha wa jeshi hilo aliyeiandika habari hiyo kwa kirefu. Chuma kilichochomwa kupita kiasi huwa kigumu lakini hakina unyumbufu. Kikipata kishindo hakipindi, huvunjika vipande. Mwaka 1918 utaratibu ulibadilishwa, na mpaka ukawekwa kwa namba: chini ya 800,000 kwa zilizotoka Springfield, na chini ya 285,507 kwa zilizotoka Rock Island. Bunduki ya namba hizo inaweza kufaulu kila kipimo cha chemba, maana kipimo husoma urefu, hakisomi kilichomo ndani ya chuma.

Pingamizi linalorudiwa zaidi ni kwamba bunduki hizi zimepigwa kwa miaka mia na nyingi bado ni nzima. Ni kweli, na tena jeshi lenyewe halikuziondoa zote mikononi mwa askari. Lakini fremu yenye chuma kibovu hustahimili mgandamizo wa kawaida. Inayoivunja ni siku ganda linapopasuka au mtutu unapozibwa na kitu. Kwa hiyo historia ya miaka mia ni ushahidi kwamba risasi zake zilikuwa nzuri. Kuhusu fremu haisemi lolote. Wengine hupendekeza baruti hafifu. Hiyo hupunguza mgandamizo pale mambo yanapokwenda vizuri. Ganda bovu na mtutu ulioziba haviko kwenye hesabu hiyo.

Kuna pia wanaoifunga bunduki kwenye tairi na kuivuta kwa kamba, ikipona wakasema imepimwa. Nyumba za majaribio za London na Birmingham hupiga kweli risasi zenye nguvu ya ziada, lakini huikagua silaha kabla na baada, kwa watu wanaojua ufa huanzia wapi. Wa tairi huondoka na bunduki iliyopigwa risasi moja zaidi. Kama ni lazima kupiga, mpigaji ajifunze angalau kuyasoma maganda yake: waya mwembamba uliopindwa ncha, ukipitishwa ndani ya ganda kutoka mdomoni hadi kitakoni, hukwama kwenye mfereji pale shaba ilipoanza kukonda, na kwa nje huonekana pete angavu mahali hapohapo. Dalili hiyo huja baada ya risasi kupigwa, kwa hiyo si mbadala wa kupima kabla.

Gharama ya fundi hulalamikiwa, hasa bunduki yenyewe ikiwa ya bei ndogo. Muuzaji mwaminifu hakatai bolti ipimwe mezani kwake, na anayekataa ameshamwokolea mteja fedha zote mbili. Kwa Springfield ya namba ya chini hata fundi hahitajiki: namba imechongwa juu ya pete ya mbele ya fremu, na anayeitaka modeli hiyo kwa shabaha atafute iliyotengenezwa baada ya mabadiliko ya 1918, aiache ile ya zamani kwa wanaokusanya vitu vya makumbusho.