Gololi Moja Mpya, Nane Kuukuu

Msomaji anauliza: gololi moja ya gurudumu la nyuma la baiskeli ilipasuka, fundi akatia moja mpya, akafunga, akadai pesa ya gololi moja. Je, huko ni kubana matumizi kwa busara? Sivyo, na tatizo si uaminifu wa fundi bali namna chuma kinavyobonyea. Mambo ya spana na grisi nayaruka, kila kijiwe cha mafundi kinayajua.

Habu ya nyuma ya kawaida huwa na gololi 9 kila upande, kila moja ya robo inchi, yaani milimita 6.35. Zimebanwa kati ya kikombe kinachozunguka na gurudumu na koni iliyokazwa kwenye ekseli isiyozunguka. Tunadhani chuma hakibonyei, lakini kanuni alizozitoa Mjerumani Heinrich Hertz mwanzoni mwa miaka ya 1880 zinaonyesha kwamba gololi ya ukubwa huo ikikandamizwa kwa uzito wa kilo 30 juu ya chuma bapa, hubonyea kiasi cha maikromita 10, pungufu ya unene wa unywele. Hapo ndipo utamu wote ulipo. Wafikirie watu tisa waliobeba gogo mabegani, mmoja kawazidi wenzake kimo kwa vidole viwili. Mrefu huyo ndiye anayebeba; walio jirani naye wanasindikiza tu, mikono juu, jasho hakuna. Gogo lingekuwa laini kama godoro, lingemzamia begani mpaka likawafikia wengine nao wakasaidia. Chuma kina ulaini huo, ila ni wa maikromita 10 tu. Gololi kuukuu zikiwa zimelika kwa kiasi hicho, ile mpya kila inapopita upande wa chini hubeba karibu peke yake. Ndiyo maana mashine aliyoibuni Friedrich Fischer mjini Schweinfurt mwaka 1883 ilikuwa na maana kubwa kuliko hataza ya gololi za baiskeli ya mwaka 1869 kule Paris: gololi zilikuwapo tayari, yeye alizifanya zilingane.

Utaambiwa: mbona baiskeli inatembea? Inatembea, ndiyo. Lakini mzigo juu ya gololi ukiwa maradufu, umri wa mahali zinapopita haupungui nusu, hushuka hadi kama sehemu moja ya nane. Anayeumia kwanza ni koni, kwa sababu haizunguki: uzito wa mpanda baiskeli na gunia lake la mkaa huangukia upande wake uleule wa chini, kilomita baada ya kilomita, wakati kikombe hugawa kipigo mzunguko mzima. Tena ufa hauanzi juu unapoonekana. Msukosuko mkali zaidi uko ndani, karibu sehemu ya kumi ya milimita chini ya uso. Huko ufa huzaliwa, hutambaa, kisha gamba la chuma hubanduka na kuacha kishimo. Wahandisi huuita uchovu wa metali, jina zuri, ingawa chuma hakipumziki kikapona. Gamba lenyewe husagwa na gololi, nazo zikachubuka, ile mpya ikiwamo.

Wapo pia watakaosema mwenye baiskeli hana pesa ya kubadilisha kila kitu. Hakuna aliyesema kila kitu. Gololi ndizo rahisi kuliko vyote humo ndani, koni hufuata, na kikombe, ambacho kimeshindiliwa kwenye habu, ndicho cha kulindwa. Kwa hiyo zitolewe zote 9 na ziingie 9 za pakiti moja, si za kuokotezwa kwenye kopo la fundi. Koni ifutwe grisi, kisha ncha ya kalamu ya wino ipitishwe polepole kwenye njia ya gololi. Ikiteleza bila kukwama, koni irudi. Ikiruka hata mara moja, inunuliwe nyingine, na kikombe kipimwe kwa kalamu hiyohiyo kabla ya kufunga.