Sura ya 4: Umbali Anaoupima Paka

Paka mwoga anapofika katika kituo cha kutunzia wanyama, jambo la kwanza tunaloliona ni kwamba hataki kuonekana. Hujikunyata kwenye kona ya nyuma ya kizimba, masikio yamelala, mboni zimetanuka hadi macho yote yanakuwa meusi, na mkono ukisogea anafoka. Walezi wengi wenye moyo mwema huamini kwamba dawa ya woga huo ni mapenzi mengi ya haraka: ashikwe, apakatwe, abembelezwe mpaka azoee. Nashikilia kinyume chake. Imani ya paka huchipuka pale anapoachiwa yeye mwenyewe aamue nani amkaribie, lini, na kwa umbali gani. Kazi ya mlezi ni kumrudishia uamuzi huo, ambao kizimba kimemnyang'anya.

Sababu iko katika asili yake. Paka wa nyumbani ametokana na paka mwitu wa Afrika na Mashariki ya Kati, mnyama awindaye peke yake lakini ambaye naye huwindwa na wakubwa kuliko yeye. Hana kundi la kumtetea. Kinga yake ya kwanza ni kujificha, ya pili ni kukimbia, na kucha huja mwisho. Kizimba humwondolea zile mbili za kwanza kwa pamoja, halafu tunashangaa anapotumia ya tatu, tukamwita mkali.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatokana na kitu cha bei ndogo kabisa: boksi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, paka 19 waliofika karibuni katika kituo kimoja nchini Uholanzi waligawanywa. 10 wakawekewa boksi la kujifichia, 9 hawakuwekewa. Siku ya tatu na ya nne tayari wenye maboksi walikuwa wametulia kuliko wenzao, na pengo hilo lilizibika kufikia siku ya 14. Siku hizo kumi za ziada ni nyingi mno kwa mnyama asiyejua kama yuko salama. Wenye vituo hupinga kwamba paka aliyejificha haonekani, na asiyeonekana hapati wa kumchukua. Hofu yao ina maana, kwani kila siku ya kizimbani ni gharama. Lakini watafiti wa Uingereza walioliangalia suala hili mwaka 2007 hawakuona kwamba boksi lilimpunguzia paka nafasi ya kupata nyumba; tena wenye maboksi ndio waliomsogelea mtazamaji zaidi. Ajuaye ana pa kurudi huthubutu kutoka.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mbona paka akishikiliwa kwa muda huacha kupigana? Huacha, ni kweli, lakini mtazame vizuri. Misuli imekaza, mkia umebanwa mwilini, na chakula hakigusi mpaka watu waondoke. Huyo amekata tamaa, na alichojifunza ni kwamba mkono wa mtu haukwepeki. Hata hivyo sisemi mkono ni haramu, wala ushahidi hauniruhusu kusema hivyo. Huko Vancouver, Kanada, paka wenye wasiwasi waliobembelezwa na kusemeshwa kwa upole mara nne kwa siku, dakika 10 kila mara, kwa siku 10, walitulia zaidi na kuugua mafua kwa uchache kuliko wasiobembelezwa. Ninachokiona katika matokeo hayo, yaliyochapishwa mwaka 2014, ni nguvu ya utaratibu: vipindi vifupi, vinavyojirudia, vya upole ule ule. Paka alianza kujua kitakachomfika, na hilo peke yake linapunguza woga.

Kwa hiyo keti ubavu, usimkabili uso kwa uso. Weka kitoweo anakoweza kukifikia bila kukupita. Mwaka 2020 watafiti wa vyuo vikuu vya Sussex na Portsmouth walionyesha kwamba paka humsogelea mgeni kwa urahisi zaidi mgeni huyo akimfumbia macho polepole. Hao walikuwa paka wa majumbani, lakini ishara hiyo haina gharama kuijaribu kizimbani. Akikunusa kidole na kujisugua, mguse shavuni au chini ya kidevu, kisha acha, uone kama anaomba tena. Tumbo na mkia viache.

Wapo paka ambao haya yote hayatawatosha. Kitoto cha paka hujifunza kuwakubali watu hasa kati ya wiki ya 2 na ya 7. Shume aliyekomaa sokoni au jalalani bila kuguswa huenda asikubali kupakatwa maisha yake yote, na kumfungia kwa miezi eti tunamfunza ni kumtesa. Ahasiwe, achanjwe, arudishwe anakolishwa. Ila asihukumiwe siku ya kwanza, maana siku hiyo shume halisi na paka wa nyumbani aliyeshikwa na woga hufanana kabisa.

Wewe uliye na kituo, usisubiri mfadhili. Tafuta boksi la dukani, lilaze ubavu, tandika kitambaa ndani, na siku ya kusafisha kizimba usikitoe kitambaa hicho kama hakijachafuka, kwa sababu harufu iliyomo ni yake mwenyewe, na ndiyo kitu pekee anachokifahamu mle ndani.