Mgombea Mwenye Kasoro: Wafanyakazi Wafanyeje?



Kila uchaguzi unapokaribia swali moja hurudi katika mikutano ya matawi. Chama cha siasa ambacho wafanyakazi wamezoea kukipigia kura kimeteua mgombea urais, na mgombea huyo si yule waliyemtaka. Pengine alinyamaza siku ile tulipohitaji sauti yake. Pengine amekaa sana karibu na wakubwa hata amesahau njia ya kuja kwetu. Je, tumpe kura? Tukae nyumbani? Au tumpe mtu mwingine ili chama kipate adabu?

Hatukusudii hapa kumwambia msomaji ampigie nani. Tunataka kueleza jinsi wafanyakazi wa Marekani walivyokabiliana na swali hili mara mbili, mwaka 1968 na mwaka 1972. Tumechagua mfano wa mbali na wa zamani kwa sababu hesabu zake zimekwisha fungwa. Inajulikana nani alishinda, kwa kura ngapi, na nini kilifuata.

JINSI MGOMBEA ALIVYOPATIKANA

Marekani ina vyama vikubwa viwili, Democratic na Republican. Tangu wakati wa Rais Franklin Roosevelt katika miaka ya 1930, vyama vingi vya wafanyakazi vimekuwa karibu na chama cha Democratic. Mgombea wa kila chama huteuliwa na wajumbe katika mkutano mkuu. Mwaka 1968 ni majimbo machache tu yaliyofanya kura za mchujo, ambapo wapiga kura wa kawaida wa chama husema wanamtaka nani. Wajumbe wengi walitokana na viongozi wa chama majimboni.

Katika uchaguzi wenyewe rais hapatikani kwa kujumlisha kura za nchi nzima. Kila jimbo lina idadi yake ya kura za urais, na karibu kila mahali anayeongoza katika jimbo, hata kwa kura chache, huzichukua zote. Jumla ni 538, na anayepata 270 ameshinda. Ndiyo sababu kura za kiwanda kimoja kikubwa, katika jimbo lenye ushindani, zaweza kuwa na uzito.

MWAKA 1968

Machi 31, 1968, Rais Lyndon Johnson wa Democratic alitangaza kwamba hatagombea tena. Vita vya Vietnam vilikuwa vimemchosha yeye na nchi yake. Seneta Eugene McCarthy alikuwa amekwisha simama kupinga vita hivyo, na vijana wengi walimfuata. Seneta Robert Kennedy naye aliingia. Makamu wa Rais, Hubert Humphrey, alijitokeza mwezi Aprili, lakini hakushiriki kura ya mchujo hata moja. Kennedy alipigwa risasi usiku wa kushinda kura ya mchujo ya California, akafa Juni 6. Mwezi Agosti, katika mkutano mkuu wa Chicago, wajumbe walimteua Humphrey, huku polisi wakiwapiga vijana kwa marungu katika mitaa ya mji huo.

Huyu Humphrey alikuwa mtu gani? Mwaka 1948, akiwa meya wa Minneapolis, alisimama mbele ya mkutano mkuu wa chama chake na kudai haki za Wamarekani Weusi, wakati wakubwa wengi wa chama walitaka jambo hilo lisitajwe. Katika Seneti aliongoza kazi ya kupitisha Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964. Kwa miaka mingi alipiga kura pamoja na wafanyakazi. Lakini akiwa Makamu wa Rais aliitetea vita hadharani, na uteuzi wake ulipatikana kwa mikono ya viongozi. Hizo hazikuwa kasoro ndogo. Mzazi aliyekuwa na mtoto Vietnam alikuwa na haki ya kuuliza.

MAKUNDI MATATU

Wafuasi wa McCarthy wengi walisema hawatampigia kura mtu wa vita. Hasira yao ilikuwa na msingi. Vijana wa rika lao walikuwa wakirudishwa katika majeneza.

Kundi la pili lilikuwa ndani ya viwanda. Wafanyakazi wengi weupe, wakiwamo wanachama hai wa vyama, walimtazama George Wallace, aliyekuwa gavana wa Alabama na mtetezi wa ubaguzi wa rangi, ambaye aligombea nje ya vyama viwili vikubwa. Mwishoni mwa Septemba uchunguzi wa maoni wa Gallup ulimpa Wallace asilimia 21, Humphrey 28, na Richard Nixon wa Republican 43. Katika viwanda vya magari vya Michigan beji za Wallace zilionekana vifuani mwa watu ambao mshahara wao mzuri ulitokana na migomo ya chama.

Kundi la tatu litaeleweka upesi na wasomaji wetu wa mashambani. Tangu mwaka 1965 wavunaji wa zabibu wa Delano, California, walikuwa katika mgomo. Kiongozi wao alikuwa Cesar Chavez. Sheria kuu ya vyama vya wafanyakazi ya mwaka 1935 iliwaacha nje wafanyakazi wa mashamba, kwa hiyo mwenye shamba hakulazimika kuzungumza nao. Wakaomba wananchi wasusie zabibu. Kennedy alikuwa rafiki yao wa kweli, nao walimtafutia kura nyumba kwa nyumba. Alipokufa hawakubaki na mtu wa moyo wao. Lakini ukweli mmoja ulikuwa wazi: Nixon alilaani hadharani kususiwa kwa zabibu, na Humphrey alikuunga mkono.

KAZI YA VYAMA

Viongozi wa shirikisho la AFL-CIO na wa chama cha wafanyakazi wa magari, UAW, waliamua kumuunga mkono Humphrey. Uamuzi wa viongozi, kama tujuavyo, haumbebi mwanachama hadi kwenye sanduku la kura. Ilibidi kazi ifanywe.

Walisambaza makaratasi zaidi ya milioni 100. Wanachama wa kujitolea walipita milangoni na kupiga simu usiku. Kwa wafuasi wa Wallace karatasi hizo hazikuhubiri sana. Zilieleza jinsi mfanyakazi alivyoishi Alabama: mishahara ya huko ikilinganishwa na ya majimbo ya kaskazini, na sheria ya Alabama iliyokataza mkataba wa kuwataka wafanyakazi wote wa kiwanda wawe wanachama au walipe ada. Waajiri huiita sheria ya namna hiyo “haki ya kufanya kazi”. Mfanyakazi aliyesoma aliweza kupiga hesabu mwenyewe.

Humphrey naye alisukumwa. Kila alipokwenda alizomewa kwa ajili ya vita. Septemba 30, akiwa Salt Lake City, alisema kwamba akiwa rais atasimamisha mabomu juu ya Vietnam ya Kaskazini kwa ajili ya kutafuta amani. Hakusema yote waliyoyataka wapinga vita, lakini alichukua hatua mbali na Johnson. Tangu siku ile zomea zomea ilipungua na wengi walianza kurudi. McCarthy mwenyewe alimuunga mkono Oktoba 29, na kwa shingo upande. Siku ya kupiga kura ilikuwa Novemba 5.

Wallace alipata asilimia 13.5 tu nchi nzima. Katika Michigan alipata 10 hivi, na Humphrey akalichukua jimbo hilo. Lakini Nixon alishinda urais kwa kura 301 za majimbo dhidi ya 191 za Humphrey na 46 za Wallace. Katika kura za wananchi tofauti ya Nixon na Humphrey ilikuwa kama nusu milioni, kati ya zaidi ya milioni 73.

KILICHOFUATA

Hakuna ajuaye kama Humphrey angemaliza vita mapema. Tunayojua ni haya. Mapatano ya Paris yalitiwa sahihi Januari 1973, na katika utawala wa Nixon wanajeshi wa Marekani zaidi ya 20,000 walikufa, na Wavietnam wengi kupita hao. Mwezi Agosti 1971 Nixon alisimamisha mishahara na bei kwa siku 90. Wizara ya Ulinzi iliongeza sana ununuzi wa zabibu kwa ajili ya askari wa Vietnam, wakati wavunaji wakiomba zisinunuliwe.

Hata hivyo wafanyakazi hawakufa kwa kushindwa. Novemba 1969 vyama vyao, pamoja na watetezi wa haki za Weusi, vilisaidia kuzuia uteuzi wa Jaji Clement Haynsworth kwenye Mahakama Kuu ya nchi. Seneti ilimkataa kwa kura 55 dhidi ya 45. Julai 1970 wenye mashamba wa Delano walitia sahihi mkataba na wavunaji. Desemba mwaka huo huo Nixon mwenyewe alitia sahihi sheria ya usalama na afya kazini, kwa sababu vyama vilishikilia na Bunge lilikuwa mikononi mwa Democratic.

MWAKA 1972

Waliokasirishwa na mkutano wa Chicago hawakuishia kulalamika. Walidai kanuni za kuchagua wajumbe zibadilishwe, nazo zikabadilishwa. Mwaka 1972 wanawake, vijana na Weusi walikuwa wengi zaidi katika mkutano mkuu wa Democratic, na aliyeteuliwa alikuwa Seneta George McGovern, mpinga vita.

Safari hii walionung'unika walikuwa viongozi wa wafanyakazi. George Meany, Rais wa AFL-CIO, alimwona McGovern kuwa dhaifu juu ya vita. Tena hakusahau kwamba, vyama vilipojaribu kuifuta ile ruhusa ya sheria ya “haki ya kufanya kazi”, McGovern hakusimama nao. Kura zake nyingine nyingi zilikuwa upande wa wafanyakazi. Mwezi Julai baraza la utendaji la shirikisho, kwa kura 27 dhidi ya 3, liliamua kutomuunga mkono mgombea yeyote. Baadhi ya vyama, kikiwamo cha mafundi wa mitambo na UAW iliyokuwa nje ya shirikisho, vilimfanyia kazi.

Nixon alichukua majimbo 49 kati ya 50. Hatusemi kwamba ni uamuzi wa baraza uliomwangusha McGovern, maana alipitwa mbali mno. Tunasema jambo jingine. Mwaka 1968 mwanachama aliyesita alipata mtu wa kumgongea mlango na kumpa hesabu. Mwaka 1972 wengi hawakupata, na zaidi ya nusu ya kaya za wanachama wa vyama zilimpigia Nixon.

TUNAJIFUNZA NINI?

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Mvua ikianza, mtu hulima kwa jembe alilo nalo. Lakini mkulima hodari hulinoa, na masika yakipita hutafuta jingine. Tunaona maswali matatu ambayo tawi laweza kuyajadili kabla ya kuamua.

Kwanza, tumlinganishe mgombea na nani? Yule tuliyemtaka hayumo katika karatasi ya kura. Walinganishwe waliomo, jambo kwa jambo: sheria ya vyama, mshahara, usalama kazini, vita na amani. Wavunaji wa zabibu walimlinganisha Humphrey na Nixon, na jibu likaonekana.

Pili, je, kasoro yake yasukumika? Humphrey alisogea juu ya vita kwa sababu alisukumwa, hasa na wale aliohitaji kura zao. Wallace asingeweza kusogezwa juu ya Weusi, maana huo ndio uliokuwa mtaji wake. Mgombea ambaye kasoro yake ndiyo biashara yake hanoleki.

Tatu, tunaamua lini? Msaada wa mapema wenye masharti humfanya mgombea asikilize. Msaada wa siku saba kabla ya kura hufika wakati wengi wamekwisha amua kubaki nyumbani.

Wapo watakaosema: tukimkubali mwenye kasoro leo, kesho watatuletea mbovu zaidi. Hoja hii ina nguvu, nasi hatuidharau. Ila mahali pake ni pale wajumbe wanapochaguliwa, katika matawi na wilaya, miezi mingi kabla. Waliobadilisha kanuni baada ya Chicago walilielewa hilo. Mfanyakazi asiyekwenda kwenye mkutano wa tawi wa kuchagua wajumbe amewaachia wengine kazi ya kumchagulia mgombea.

Na tukishaamua kumuunga mkono mtu, tusimpake asali. Kasoro yake tuitaje wazi kwa wanachama, pamoja na sababu ya kumpa kura hata hivyo. Mwanachama aliyeambiwa ukweli kabla ya uchaguzi atakuwa tayari kuja nasi siku ya pili yake, wakati wa kudai yaliyoahidiwa.