Kuishi na Saratani (3): Kumeza kwa wakati, kusimama kwa wakati

Katika sehemu mbili zilizotangulia tulieleza jinsi saratani inavyoanza na kusambaa mwilini, kisha tukazitazama tiba zinazotolewa ndani ya hospitali: upasuaji, mionzi na dripu za kemo. Leo tunaingia kwenye tiba ambayo mgonjwa hukabidhiwa dirishani na kuondoka nayo mkononi, yaani vidonge.

Mgonjwa wa Kigoma anayetibiwa katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, au wa Turkana anayehudumiwa Eldoret, akishapewa vidonge hurudi kwao, mamia ya kilomita kutoka kwa daktari wake. Angekuwa kwenye dripu, muuguzi angempima joto, angemuuliza amelalaje, na angeifunga dawa mara tu anapoona hatari. Kwa vidonge, kazi hiyo yote huhamia nyumbani, mikononi mwa mgonjwa na ndugu anayemuuguza. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu tumezoea kukiona kidonge kuwa dawa nyepesi kuliko sindano. Vidonge vya saratani ni dawa nzito, na vingine ni kemo kamili. Vinaweza kumpa mgonjwa miezi au miaka ya maisha mazuri, na vikitumiwa vibaya vinaweza kumuua ndani ya wiki chache.

Vidonge hivyo ni vya aina nyingi. Leo nachukua aina moja inayotumika sana katika saratani ya matiti na ya utumbo mpana iliyosambaa: kapesitabini. Kwenye boksi utaona pameandikwa Capecitabine, au jina la kibiashara, Xeloda.

Dawa mama ya kapesitabini ni fluorourasili, iliyobuniwa na Charles Heidelberger na wenzake nchini Marekani mwaka 1957, na ambayo hadi leo hutolewa kwa njia ya mshipa. Kapesitabini iliidhinishwa Marekani mwaka 1998, na mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Ukiimeza, hufyonzwa tumboni, hubadilishwa hatua kwa hatua kwenye ini na sehemu nyingine za mwili, na mwishowe hugeuka kuwa fluorourasili. Hatua ya mwisho hufanywa na kimeng'enya ambacho aina nyingi za uvimbe wa saratani huwa nacho kwa wingi kuliko sehemu nzima za mwili. Kwa hiyo sehemu kubwa ya sumu hufyatuka pale pale penye adui, na kuzizuia seli za saratani zisijigawe.

Hata hivyo, zipo seli nzima zinazojigawa kwa kasi pia: za utando wa mdomo, za ukuta wa utumbo na za uboho unaotengeneza damu. Hizo nazo hupigwa. Ndiyo maana mgonjwa huweza kupata vidonda mdomoni, kuhara, na kupungukiwa chembe nyeupe za damu zinazopigana na vijidudu.

Hesabu ya vidonge

Dozi haitolewi kwa kukadiria kwa macho. Daktari huchukua urefu na uzito wa mgonjwa, akakokotoa eneo la mwili kwa mita za mraba, kisha akaangalia figo zinavyofanya kazi. Kwa mfano, mtu mwenye eneo la mita za mraba 1.5 akipangiwa miligramu 1,000 kwa kila mita ya mraba, atameza miligramu 1,500 kila mara. Vidonge vipo vya miligramu 500 na vya miligramu 150. Mtu huyo basi atahitaji vidonge 3 vya 500 asubuhi na 3 jioni. Mwenzake kwenye benchi la kliniki anaweza kupewa 4, na mwingine 2 vikubwa pamoja na vidogo kadhaa. Hakuna aliyependelewa. Kabla ya kuondoka dirishani, hakikisha mfamasia amekuandikia idadi ya kila aina kwa asubuhi na kwa jioni. Usikubali kuondoka na maneno matupu.

Meza mara mbili kwa siku, kwa tofauti ya saa 12 hivi: saa moja asubuhi na saa moja jioni hurahisisha kumbukumbu. Kula kwanza, kisha meza ndani ya nusu saa baada ya chakula, kwa maji. Si lazima kiwe chakula kingi. Uji au mkate kwa chai unatosha asubuhi. Vidonge vimezwe vizima, bila kuvunjwa wala kusagwa. Asiyeweza kumeza amweleze daktari, ambaye ataona njia nyingine.

Utaratibu wa kawaida ni siku 14 za kumeza na siku 7 za kupumzika, kisha mzunguko unaanza upya. Ukianza Jumatatu asubuhi, vidonge vya mwisho utavimeza Jumapili jioni ya wiki ya pili, na Jumatatu inayofuata inaanza wiki ya mapumziko. Andika kwenye kalenda ya ukutani, kila mtu nyumbani aione. Wiki ya mapumziko haikupangwa kwa sababu dawa ni haba. Ndiyo inayoupa uboho na utumbo nafasi ya kujijenga, na kuendelea kumeza katika wiki hiyo ni kujizidishia dozi.

Ukisahau dozi moja, iache na uendelee na inayofuata kwa saa yake. Usimeze mara mbili ili kufidia. Ukitapika baada ya kumeza, usirudie, toa taarifa.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Daktari lazima ajue kila dawa unayotumia, na hapa familia zetu huteleza kwa nia njema kabisa. Ya kwanza ni vidonge vya kuongeza damu. Ndugu akimwona mgonjwa amepauka, hukimbilia duka la dawa kununua FEFO. Ndani yake mna asidi ya foliki, na asidi ya foliki huongeza ukali wa kapesitabini. Vidonge vya vitamini vyenye asidi hiyo vina hatari ileile. Upungufu wa damu utibiwe na timu ya saratani, kwa maelekezo yake.

Ya pili ni warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo wengi waliobadilishiwa vali za moyo huitumia. Ikichanganyika na kapesitabini, damu inaweza kuwa nyepesi kupita kiasi, mgonjwa akavuja damu hadi kufa. Ya tatu ni fenitoini ya kifafa, ambayo kiwango chake hupanda mwilini. Ya nne ni alopurinoli ya gauti, inayoweza kuipunguzia kapesitabini nguvu. Kuhusu mitishamba, iwe mwarobaini au mchanganyiko uliofungwa kwenye chupa bila maelezo, kanuni yangu ni moja: peleka kliniki ulicho nacho, kionwe, na usikinywe hadi uambiwe.

Kuna pia suala la maumbile. Mwili huiondoa fluorourasili kwa kimeng'enya kiitwacho DPD, na watu wachache huzaliwa wakiwa nacho kidogo au wasiwe nacho kabisa. Kwao, dozi ya kawaida ni kama maji yanayomiminwa kwenye sinki lililoziba. Mwaka 2020 Shirika la Dawa la Ulaya lilipendekeza wagonjwa wapimwe kimeng'enya hicho kabla ya kuanza tiba. Muulize daktari kama kipimo kinapatikana hospitalini kwako. Kisipopatikana, siku za mwanzo za mzunguko wa kwanza zinahitaji macho zaidi: kuhara kukali, vidonda vikubwa mdomoni au homa inayokuja mapema ni dharura.

Dalili za kusimama

Hili ndilo jambo kubwa la makala ya leo. Acha kumeza vidonge na uwasiliane na hospitali siku hiyo hiyo ukiona lolote kati ya haya: unahara mara 4 au zaidi kwa siku kupita kawaida yako, au unaamshwa usiku na kuhara; umetapika mara 2 au zaidi ndani ya saa 24; mdomo una vidonda vinavyouma; kichefuchefu kinakufanya ule kidogo sana kuliko kawaida; viganja au nyayo zinauma na kuvimba; au joto la mwili limefika nyuzi 38. Maumivu ya kifua hayasubiri simu. Acha dawa, nenda hospitali iliyo karibu, kwa sababu dawa hii inaweza kubana mishipa ya moyo.

Kuhusu homa, nawasihi wasomaji wa maeneo yenye malaria. Mazoea yetu ni kununua dawa mseto dukani na kusubiri. Kwa aliye kwenye kemo, homa inaweza kuwa maambukizi yaliyoingia wakati chembe nyeupe zimeshuka, na saa chache tu zinaweza kuamua uhai. Malaria ipimwe, sawa, lakini ipimwe hospitali, pamoja na damu yote, na mhudumu aambiwe mapema kwamba mgonjwa anatumia dawa ya saratani.

Ngozi ya mikono na miguu nayo inahitaji maelezo. Vitabu husema viganja huwa vyekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo ni mgumu kuuona. Mara nyingi viganja na nyayo huwa vyeusi zaidi, vikafa ganzi, vikachonyota, kisha vikachubuka. Paka mafuta ya mgando au krimu yenye urea kila siku, vaa viatu laini, epuka maji ya moto, na waachie wengine jembe, kutwanga na kufua kwa mikono. Alama za vidole zinaweza hata kufutika. Mwaka 2009 jarida la Annals of Oncology lilieleza habari za mgonjwa kutoka Singapore aliyezuiwa kwa saa kadhaa kwenye uwanja wa ndege Marekani kwa sababu vidole vyake havikusomeka. Kwetu, ambako laini ya simu husajiliwa kwa kidole, ni busara kuwa na barua ya daktari.

Mfamasia yeyote wa kliniki ya saratani amekutana na mgonjwa aliyeficha kuhara kwa siku 5 akihofia daktari atamwondolea dawa. Hofu hiyo inaeleweka: saratani imesambaa, na kidonge ndicho tumaini. Lakini utaratibu wenyewe wa dawa hii umetarajia kusimama. Mgonjwa akizidiwa, dawa husitishwa hadi apate nafuu, kisha mara nyingi hurejeshwa, pengine kwa robo tatu ya dozi, na ikibidi kwa nusu. Dozi zilizorukwa wakati huo hazilipwi. Aliyesimama mapema hupona na kuendelea na tiba. Aliyenyamaza huishia wodini akiwa amekaukiwa maji, figo zimelegea, na tiba imekatika kwa muda mrefu zaidi.

Kwa sababu hiyo hiyo, Waislamu walio kwenye tiba hii wasijipangie kimya kimya kumeza wakati wa futari na daku. Mwenye kuhara anahitaji maji mchana kutwa. Sheria ya dini imempa mgonjwa ruhusa ya kula. Azungumze na daktari wake na shehe wake kabla ya Ramadhani kuingia.

Nyumba nzima

Dawa hii inaweza kudhuru mimba. Mwanamke azuie mimba wakati wote wa tiba na kwa miezi 6 baada ya kidonge cha mwisho. Mwanamume kwa miezi 3. Anayenyonyesha aache. Anayemsaidia mgonjwa kushika vidonge avae glavu, na anawe kwa sabuni. Mjamzito asivishike kabisa. Matapishi na nguo zilizochafuka zishikwe kwa glavu pia. Vidonge vikae kwenye pakiti yake, mahali pakavu pasipo na joto, mbali na watoto. Vilivyobaki virudishwe hospitali. Usimpe mgonjwa mwingine, hata kama dawa ni ghali na unamhurumia.

Wala usiige masharti ya jirani. Mwanamume mwenye saratani ya tezi dume iliyosambaa anaweza kupewa abirateroni, ambayo humezwa tumbo likiwa tupu, bila chakula saa 2 kabla na saa 1 baada. Akiimeza pamoja na mlo wenye mafuta mengi, kiasi kinachoingia kwenye damu kinaweza kupanda hadi mara 10. Kapesitabini hutaka chakula, abirateroni hukikataa. Watu wawili wa nyumba moja wanaweza kuwa na vidonge vya saratani na masharti yanayopingana.

Ndugu msomaji, kama wewe au mtu wako amepewa vidonge hivi, fanya mambo mawili kabla ya kutoka katika lango la hospitali: andika namba ya simu itakayopokelewa mchana na usiku, na mchague mtu mmoja nyumbani atakayeijua kalenda ya dawa kama anavyoijua mgonjwa mwenyewe. Dalili ya hatari ikitokea, simamisheni dawa na mpige simu siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku. Hakuna daktari wa saratani atakayekulaumu kwa kupiga simu mapema.

Wiki ijayo: maumivu ya saratani na matumizi ya mofini.