Nusu ya Mzigo Isiyo na Bima

Swali ni lile lile, anayebadilika ni mwulizaji tu. Leo hapa Mpanda ni mwenye ghala la mchele Makanyagio, kesho mwenye duka la vifaa vya ujenzi Majengo, keshokutwa mnunuzi wa karanga aliyehifadhi mzigo Kawajense. "Ndugu mwandishi, hati yangu ya bima inasema milioni 100. Moto umenitia hasara ya milioni 80. Kampuni imenilipa milioni 36. Wezi hawa utawaandika lini?"

Wapo wanaodhulumiwa na kampuni za bima, na kuwaandika ni kazi yangu. Lakini swali hili limenichosha, kwa sababu mara nyingi jibu limo ndani ya hati yenyewe, kwenye kurasa za masharti ambazo mwenyewe hajawahi kuzifungua. Kabla ya kuuliza kampuni imelipa kiasi gani, mtu aulizwe: siku ya moto, ghalani mlikuwa na mzigo wa shilingi ngapi? Nikiuliza hivyo, hupita kimya kidogo, kisha nasikia: "Kama milioni 200 hivi." Basi, hesabu imekwisha.

Imani inayozunguka sokoni Mpanda inasema hivi: ghala haliungui lote, kwa hiyo katia bima nusu ya mzigo, lipa ada nusu, na hasara yoyote isiyovuka ile nusu utalipwa yote. Watu wanapeana ushauri huu kama siri ya mjini, na wapo mawakala wanaoufundisha. Ni uongo mtupu.

Hati za bima ya moto za biashara, kwa kawaida, huwa na sharti la uwiano. Maofisa wa bima wenyewe huliita avareji. Linasema kwamba ukikatia mali yako bima pungufu ya thamani yake, kile kilichopungua umejikatia mwenyewe, na utabeba fungu lako katika kila hasara, iwe kubwa au ndogo. Hayo maneno "kila hasara" ndiyo watu hawataki kuyasikia. Kampuni haianzi kulipa shilingi ya kwanza na kuendelea hadi milioni 100 ziishe. Kila gunia linaloungua, nusu yake ni ya kampuni na nusu ni yako.

Tuchukue magunia 1,000 ya mchele, kilo 100 kila moja, na tuseme kilo ni shilingi 2,000. Ghalani mna milioni 200. Umekatia bima milioni 100. Hitilafu ya umeme inawasha moto upande wa mlangoni, yanaungua magunia 400, hasara milioni 80. Kampuni inagawa 100 kwa 200, inapata nusu. Nusu ya milioni 80 ni milioni 40. Hapo inaondolewa sehemu ya hasara ambayo mteja hubeba mwenyewe kwa mujibu wa mkataba; tuseme ni asilimia 10 ya fidia, yaani milioni 4. Zinabaki milioni 36. Hakuna aliyeiba hata senti. Mwenye ghala aliamini ana kinga ya milioni 80 kamili, na hakuwahi kuwa nayo tangu siku aliyoweka sahihi.

Sharti hili halikubuniwa Dar es Salaam ili kuwaonea wafanyabiashara wa mikoani. Sheria ya Bima ya Bahari ya Uingereza ya 1906, kifungu cha 81, ilishaandika kwamba aliyekata bima pungufu ya thamani anahesabiwa kuwa mbima wake mwenyewe kwa salio. Na lina haki ndani yake. Ada ya bima ya moto hukokotolewa kwa asilimia ya thamani, na moto mwingi huunguza sehemu ya mali, si mali yote. Kama anayelipa ada ya nusu angelipwa hasara ndogo zote kwa ukamilifu, jirani yake aliyetaja thamani ya kweli ndiye angekuwa anamlipia.

Kwa nini basi imani hii haifi? Sababu moja ni kwamba bima ambazo watu wetu wanazifahamu ni za namna nyingine kabisa. Tangu bima zilipotaifishwa 1967 hadi sheria ya 1996 ilipofungua soko kwa kampuni binafsi, Shirika la Bima la Taifa ndilo lililokuwa bima ya Tanzania Bara, na wazee wengi walichoshika mkononi ni hati ya bima ya maisha. Bima ya maisha haina uwiano kwa kuwa uhai hauna bei ya soko: ulikata milioni 10, warithi wanalipwa milioni 10. Kisha kuna stika ya gari, ile bima ndogo ya lazima, ambayo haiulizi gari lako lina thamani gani kwa sababu hailipii gari lako. Inawalipa uliowagonga. Mtu aliyezoea hizi mbili anaingia kwenye bima ya ghala akidhani tarakimu iliyoandikwa ndiyo atakayopokea.

Sababu ya pili watu huisema kwa sauti ya chini: TRA. "Nikiandika milioni 200, si nitajikaanga kwenye kodi?" Nawaambia waziwazi: huu ndio ushauri mbaya kuliko wote. Siku ya madai, mkadiria hasara atakuja na kuomba risiti za manunuzi, leja ya ghala, mauzo ya mashine ya EFD na taarifa za benki. Vitabu vyako vikionyesha milioni 100 na wewe unadai mzigo ulikuwa wa milioni 200, unadai mchele ambao kwa maandishi haujawahi kuwepo. Ukishikilia kwamba ulikuwepo, umekiri mwenyewe kuwa ulikata pungufu. Uliyemficha thamani si TRA peke yake. Umeificha pia kwa yule unayetaka akulipe.

Kuna fomu moja ya maombi ya bima niliyoonyeshwa ambayo inaeleza tatizo kuliko ninavyoweza mimi. Nafasi zote zimejazwa kwa mwandiko mmoja, wa wakala, kwa kalamu ya bluu. Penye thamani ya bidhaa pameandikwa 100,000,000, sufuri zote nane, bila kusema ni mpunga au mchele, magunia mangapi, bei ya mwezi gani. Chini kabisa, kwa wino mweusi, kuna sahihi ya mwenye ghala. Nilipomuuliza ile tarakimu ilitoka wapi, alisema wakala alimwambia ndiyo itakayofanya ada isiwe kubwa.

Mkoa wetu wa Katavi una mtego wake wa ziada, nao unawanasa hata waaminifu. Mpunga wa Mwamkulu, Kakese na Mpimbwe unaingia maghalani baada ya mavuno ya katikati ya mwaka, bei ikiwa chini. Tuseme Julai umenunua magunia yako 1,000 kwa bei inayofanya kilo ya mchele isimame kwenye shilingi 1,200, ukakatia bima milioni 120, thamani kamili, bila kudanganya. Unalaza mzigo ukisubiri bei. Januari kilo inafika 2,000. Mzigo ni ule ule, hukuongeza hata kilo, lakini kuurudisha ghalani sasa kunahitaji milioni 200, na kwa kawaida uwiano hupimwa kwa thamani ya siku ya moto. Hasara ile ile ya magunia 400 itakulipa milioni 48 kabla ya makato.

Wengine wanaonaswa ni wenye mikopo. Benki nyingi siku hizi ni mawakala wa bima, na wafanyabiashara wengi hukata bima kwa sababu tu mkopo unaidai. Benki inaangalia deni lake. Imekukopesha milioni 100, inataka bima ya milioni 100, na jina lake linaandikwa kuwa wa kwanza kulipwa. Mzigo wako wa milioni 200 haihitaji kuulinda wote. Kwenye mfano wetu, kama deni lililobaki ni milioni 35, zile milioni 36 zinakufikia zikiwa zimebaki milioni moja. Usiseme "benki imenikatia bima." Benki imejikatia yenyewe kwa ada yako.

Hapa niwaguse na waandishi wenzangu. Soko la Kariakoo liliungua Julai 10, 2021, na soko la Karume pale Ilala likafuata Januari 2022, na tukajaza kurasa kwa vilio, kauli za Zimamoto na tume za uchunguzi. Mwaka huo huo wa 2022 Sheria ya Fedha iliingiza masoko ya umma na majengo ya biashara katika bima za lazima. Tuliripoti ulazima, tukaacha swali la thamani. Matokeo yake, mtu anakata bima ya kiasi kidogo kabisa ili awe na karatasi ya kuonyesha, na mpangaji anaamini bima ya jengo inalinda na bidhaa zake. Hailindi. Jengo ni jengo, mzigo ni mzigo.

Na wale wanaokata bima ya mzigo mmoja kwa kampuni mbili ili walipwe mara mbili: kampuni zitagawana hasara moja. Watakuwa wamelipa ada mbili bure.

La kufanya, kwa haraka. Kadiria thamani ya juu kabisa ambayo mzigo utafikia katika mwaka wa bima na ukate kwa hiyo, au uliza bima ya kutangaza thamani, ambayo unaripoti mzigo kila mwezi na ada inarekebishwa mwishoni. Bei ikipanda, andika barua ya kuongeza thamani na upewe marekebisho kwa maandishi; simu kwa wakala haihesabiki. Uliza kama hati ina nafuu, maana baadhi hazitumii uwiano ukiwa umefikisha asilimia 85 ya thamani. Kama kweli unataka kinga ya hasara ndogo tu, ipo bima ya hasara ya kwanza. Unataja thamani yote, mnakubaliana ukomo, na uwiano haukuguzi ilimradi thamani uliyotaja ni ya kweli. Jaza fomu kwa mkono wako. Nakala ya leja ilale nyumbani, si ghalani. Hakikisha leseni ya wakala na kampuni kwa TIRA, mamlaka ya usimamizi wa bima, kabla ya kutoa fedha, na ulipe ada yote, kwa sababu bila ada hakuna bima. Moto ukitokea toa taarifa mara moja, usihamishe mabaki kabla hayajakaguliwa. Usiporidhika na malipo, dai mchanganuo wa hesabu kwa maandishi kabla ya kusaini hati ya kukubali fidia, kisha upeleke lalamiko TIRA au kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ukishasaini kwamba umelipwa kikamilifu, kudai zaidi kunakuwa kugumu sana.