Dawa Isiyoua

Kila ninapozungumza kuhusu dawa za mimea, swali la kwanza ni lile lile: "Inaua?" Nikijibu kwamba haiui, watu wanakunja uso. Imani kwamba dawa ni lazima iue imekita mizizi, na wauza dawa wa stendi wanaishi kwayo: chupa moja inaua homa ya matumbo, U.T.I., malaria na minyoo kwa mpigo. Huo ni uongo unaowagharimu wagonjwa afya yao. Kitu chenye uwezo wa kuua kila kijidudu tumboni hakiwezi kuliacha tumbo lenyewe salama.

Hata maabara zetu zimelelewa katika fikra hiyo. Unapaka bakteria kwenye sahani, unaweka kijikaratasi kilicholoweshwa dondoo la mmea, unaiacha kwenye joto usiku kucha. Asubuhi ukikuta duara tupu kuzunguka kijikaratasi, unafurahi. Usipolikuta, mmea unatupwa.

Sasa mpande Chromobacterium violaceum, bakteria ambaye sahani yake hupambazuka ikiwa ya zambarau iliyokolea. Ukimwekea dondoo linalofaa, duara linatokea, ila si tupu. Ni jeupe na zito. Inua sahani uitazame kwenye mwanga: bakteria wamo, wamejazana, wako hai, hawakutoa rangi tu. Kila mmoja wao hutoa kemikali kidogo kidogo. Kemikali ikilimbikizana, wanatambua kwamba akidi imetimia, na hapo ndipo wanapoanza kazi ambazo hawazifanyi wakiwa wachache. Kwa huyu kazi hiyo ni rangi. Kwa wengine ni sumu, au utando unaowakinga na dawa. Dondoo limewanyima habari ya akidi. Ajoene, iliyomo katika kitunguu saumu kilichopondwa, humfanyia hivyo Pseudomonas aeruginosa, msumbufu mkubwa wa vidonda sugu.

Nilipanga sura hii ipite njia tatu kwa zamu: kuzuia bakteria wasinate, kuvuruga akidi, na kuzima utengenezaji wa sumu. Ya kwanza itangoja sura ijayo, kwa sababu ya tatu inanipeleka kwenye kipindupindu, na kipindupindu hakipitiwi juu juu.

Mwaka 1959, mjini Kolkata, Sambhu Nath De alionyesha kwamba majimaji walimokuzwa bakteria wa kipindupindu, hata baada ya bakteria wenyewe kuchujwa, yalitosha kuufanya utumbo wa sungura ujae maji. Kinachomkausha mgonjwa, basi, ni sumu. Inaingia katika seli za utumbo na kuzilazimisha zimwage chumvi bila kukoma, na maji hufuata chumvi. Mwaka 2010 watafiti wa India na Japani waliripoti kwamba kapsaisini, ile inayoifanya pilipili iwashe, ilipunguza sana sumu hiyo katika maabara huku bakteria wakiendelea kukua.

Wapenda mitindo hudakia hapo: vuruga akidi, na kila ugonjwa utakwisha! Sivyo. Bakteria wa kipindupindu huenda kinyume: akidi ikitimia, huacha kutengeneza sumu na kujiandaa kutoka tumboni. Ukimficha akidi, unaweza kumfanya aendelee kuimwaga. Kapsaisini yenyewe inaonekana kupitia kwingine, kwa kuzifanya jeni za sumu zinyamaze.

Wengine wanaahidi kwamba dawa za namna hii hazitazaa usugu kamwe. Shinikizo la kuzaa usugu hupungua bakteria asipouawa, lakini haliishi, kwa kuwa silaha yake humsaidia kuenea.

Na msichukue matokeo ya maabara mkayatia kwenye supu ya pilipili. Mwenye kipindupindu usiku huu anahitaji ORS, iliyochanganywa na maji salama kwa kipimo cha paketi, na anahitaji kufikishwa hospitali. Kapsaisini huzuia sumu isitengenezwe. Sumu iliyokwisha kuingia katika seli haitolewi nayo, na maji yaliyokwisha kumwagika lazima yarudishwe.